Fundi Aliyetufungia Simu za Upepo

Kabla hajakufungia redio garini, Fundi alikuuliza swali moja: ni wapi uliwahi kukwama mpaka ukakata tamaa? Hakutaka jibu la juujuu. Alikuwekea kigoda mlangoni pa karakana, akakumiminia chai ya rangi, akanyamaza mpaka umemaliza kueleza ulikuwa mto gani, ulikuwa na nani, na nani alilia. Mimi nilimweleza juu ya mbuga moja ya udongo mweusi, mbele ya Mhunze, ambako nilikaa siku tatu nikila mahindi mabichi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi redio yako ni ya mtu wa kukaa porini siku tatu. Nimekuelewa." Tangu siku hiyo nilimpenda. Naliandika hilo mapema kwa sababu mengi yatakayofuata hayataonyesha kwamba nilimpenda.

Ilikuwa miaka ya sabini, Shinyanga. Mimi nilikuwa dereva katika idara ya kuchimba visima, yeye alikuwa fundi wa redio wa idara hiyohiyo. Nje ya mji hapakuwa na simu ya kuaminika, na magari yetu yalikwenda mbali, mpaka ng'ambo ya Geita na Buseresere. Kwa hiyo kila Landrova ilifungwa ile redio ya kuongelea ambayo watu wote waliiita simu ya upepo. Bila simu ya upepo ulikuwa mtu aliyepotea anayesubiri kujua kwamba amepotea.

Asili yake siijui na sitaibuni. Alivaa kofia, alisali, alizungumza Kiswahili cha mtu wa mjini chenye maneno ya Kisukuma aliyoyaokota njiani. Sisi sote tulimwita Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi, na alipokasirika alimwita Fundi kwa sauti ya chini zaidi.

Kuna neno moja ambalo nilipaswa kulisema mbele ya wakubwa wetu, naye akiwa amekaa palepale, nami sikulisema. Kwa kukosa neno hilo alipoteza kazi yake, na kilichomuuma zaidi, alipoteza jina la fundi. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nilificha, na aliyekosa ni yeye.

Lakini kwanza nieleze alivyokuwa, kwa maana ananidai haki yake.

Alikuwa na njia zake za kuchagua redio. Mara moja idara ililetewa aina mbili za kujaribu. Moja ilikuwa kubwa, ina vitufe kila upande na mshale unaocheza nyuma ya kioo. Ya pili ilikuwa sanduku dogo la kijani kibichi lenye vitufe vinne, baya la sura. Wakubwa walikwisha kuipenda ile kubwa. Fundi alituita madereva watatu garini akatufunga macho kwa kitambaa cha kufutia grisi. "Washa," akasema. Kwenye ile kubwa tulipapasa kama kuku kwenye pumba. Mmoja wetu aliwasha taa ya garini. Ile ndogo tuliiwasha sote mara ya kwanza. Mkubwa wa idara akasema kwamba hakuna dereva anayeendesha akiwa amefumba macho. Fundi akajibu, "Mheshimiwa, mtu aliyepinduka haangalii vitufe."

Hakuishia hapo. Alizifunga redio zote mbili kwa mpira wa baiskeli kwenye kiti cha nyuma cha Landrova yangu, tukaenda nazo Maganzo, tukaendelea hadi Mhunze na kurudi. Barabara ile ilikuwa na makunyanzi ya kung'oa meno. Tuliporudi alizifungua juu ya meza akakusanya skrubu zilizolegea ndani ya bilauri. Bilauri ya redio kubwa ilisikika ukiitikisa. Ya ile ndogo ilikuwa na skrubu moja tu. Aliziweka bilauri zote mbili mezani kwa mkubwa, akaenda zake kunywa chai. Ndivyo tulivyopata sanduku la kijani.

Antena ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Wakubwa walitaka isimame mbele, juu ya tairi, ionekane gari linapoingia kijijini. Yeye aliifunga nyuma, pembeni kushoto, kwenye kikono cha chuma alichokichomelea mwenyewe, na chini yake akaweka springi ili matawi ya migunga yakiipiga ilale na kuinuka tena. Alisema fimbo ile ndefu tunayoiona ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni gari lenyewe. Kama fimbo haikushikana na chuma cha gari, chuma kwa chuma, basi unaongea na nusu mtu.

Kwa hiyo pale kikono kilipokaa, kwenye boriti ya chini ya gari, alikwangua rangi yote. Alikwangua kwa kisu, kisha kwa msasa, mpaka chuma kikawa cheupe. Akapaka grisi kidogo isishike kutu, akakaza bolti. Kisha akaunganisha milango, boneti na bodi yote kwa kamba za shaba zilizosukwa, kila ncha imekwanguliwa vilevile. Palibaki kiraka kibaya kama mkono mzima, peupe katikati ya rangi ya kijivu. Yeye alikiita kidonda. "Kidonda hiki hakifungwi," alikuwa akisema, akikipigapiga kwa spana. "Siku mtakayokifunga kwa rangi mtanisikia na mimi sitawasikia. Kusikia si kusikika."

Na hakuwahi kujaribu redio uwanjani. Dereva mpya akiomba wajaribu palepale, Fundi alicheka puani. "Uwanjani hata kijiko kinaongea," alisema. Ilibidi muende mbali, mpaka mlingoti wa Kituo usionekane, mshuke, mpige, mjibiwe. Kituo ndicho chumba chetu cha redio pale Shinyanga.

Mtu huyu aliyepima kila skrubu ya serikali alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Aliisimamisha kwa kukanyaga tairi na kandambili, na kandambili ile ilikuwa imelika mpaka unaona vidole. Nyumbani kwake hapakuwa na redio hata ya kusikiliza taarifa ya habari. Nilimuuliza mkewe sababu akaniambia, "Anasema amechoka na sauti za watu wasioonekana." Alikuwa mchoyo wa risasi ya kuchomelea, akiokota matone sakafuni kama mtu anayeokota mtama, lakini chai yake na maandazi aligawa kwa kila aliyepita, hata kwa wale aliowanunia. Na kununa alijua. Ukimkosea hakukugombeza. Alikuacha uje mwenyewe. Angeweza kukaa mwezi mzima akikujibu salamu kwa heshima zote, marahaba, habari za safari, huku anakusubiri uje useme ulichokosea. Wengi walikwenda. Mimi pia nilikwenda, mara mbili, kwa makosa madogo.

Kuhusu salamu alipigana vita akashindwa. Kila asubuhi saa moja na nusu Kituo kiliita magari yote, na kila gari lilipaswa kujibu kwa ufupi: lilipo, hali ya watu, hali ya mtambo. Lakini nani atampita mkubwa wake bila shikamoo kwa sababu tu hamwoni? Madereva walisalimiana mmoja mmoja, na wale Wasukuma wa kambini wakaongeza mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, na habari za nyumbani, mpaka betri zikafa na magari yakasukumwa. Fundi akatoa amri: shikamoo moja ya jumla, asubuhi, inawatosha wazee wote. Msimamizi mmoja wa mtambo, mzee wa makamo, akakataa. Alikuwa hataji mita alizochimba kabla hajaulizwa ng'ombe wake. Siku ya tatu ya ukimya wake, Fundi mwenyewe akashika maikrofoni mbele yetu sote.

"Mwangaluka, mzee. Ng'ombe hawajambo?"

"Mhola duhu," sauti ikajibu, imeridhika. "Mita arobaini na mbili."

Fundi akatugeukia akasema tusicheke, betri inasikia.

Sasa nafika kwenye rangi.

Mwaka mmoja tuliambiwa anakuja mgeni mkubwa, magari yote ya idara yatapita mbele yake. Landrova yangu ilikuwa imechubuka kila mahali na mimi niliipenda kuliko ilivyostahili. Niliipeleka kwa mpaka rangi. Nilifungua kila kitu kwa mikono yangu: taa, bampa, kikono cha antena, zile kamba za shaba. Mpaka rangi akaniuliza, "Na hapa peupe?" Nikamwambia paka. Sikusahau maneno ya Fundi. Niliyakumbuka vizuri, nikayaona ni ya mzee anayependa kusumbua watu. Gari zima linang'aa, halafu nyuma kuna kidonda? Tulipaka rangi nyeusi ya kuzuia kutu kwanza, kisha kijivu mara mbili. Ilipokauka nikafunga kila kitu mahali pake. Nikawasha redio palepale uwanjani nikaita Kituo, hatua mia mbili kutoka pale. Wakanijibu safi. Nikaona mzee wetu anazidisha mambo.

Gari lilipita mbele ya mgeni likipendeza. Siku tisa baadaye nikatumwa ng'ambo ya Buseresere kupeleka mabomba.

Njiani kurudi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na wito wa saa moja na nusu ulinipita nikihangaika na tope. Mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu ulikuwa umejaa, maji yanavuka barabara kiunoni mwa mtu. Nilisimama. Haikupita saa moja wakaja wachimbaji wa dhahabu sita wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake alikuwa mtu wa umri kama wangu. Shimo lao, wenyewe waliliita duara, lilikuwa limemporomokea kiunoni tangu alfajiri. Waliiona antena kwa mbali. Mmoja, ndiye kaka yake, alinishika mkono wa shati akasema, "Shikamoo. Tumeona gari la simu, tukamshukuru Mungu."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Kwa kamba na watu sita tungemvusha yule mgonjwa juu ya vichwa vyetu. Ng'ambo kilihitajika kitu kimoja, gari, na hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka ukingo ule. Nilichopaswa kufanya ni kusema maneno kumi hewani.

Niliyasema. Kituo hakikujibu. Niliyasema tena. Kisha nikasikia Kituo kinaita hospitali ileile juu ya dawa zilizochelewa, na mtu wa hospitali akajibu kwa sauti iliyojaa chumba kizima cha gari. Kituo kikamuuliza habari za kazi. Akasema, "Leo shwari. Hata gari letu limelala tu, halina safari." Kaka wa mgonjwa alikuwa amesimama dirishani kwangu. Alisikia. Akatabasamu, maskini, akadhani tumekwisha kuelewana nao.

Nilibonyeza kitufe nikapiga kelele. Wakaendelea na dawa zao.

Nilibadilisha fyuzi. Nilifuta vichwa vya betri. Nilipandisha gari juu ya kichuguu. Nilizunguka nyuma mara mbili kutazama antena, na mara zote mbili niliiona ile rangi pale chini ya kikono. Niliiona imekaa vizuri. Mchimbaji mmoja hodari alivuka mto akaondoka kwa miguu kwenda hospitali, nasi sote tulijua atafika kesho. Kila baada ya dakika chache Kituo kiliniita. "Gari la mabomba, uko wapi? Gari la mabomba, jibu." Nami nilijibu kila mara, huku yule mtu kitandani akinitazama midomo. Kaka yake alimwita "mdogo wangu", akampa maji kwa kijiko, akamwambia wale wanaozungumza redioni wanakuja. Sijawahi kujiona si kitu kama siku ile, na nilikuwa na gari zima, mafuta, afya na redio.

Alikufa saa tisa alasiri. Hakupiga kelele.

Walipokuwa wanamfunika nilikaa chini nyuma ya gari, na uso wangu ukawa usawa na kile kikono. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya asubuhi. Nilifungua bolti, nikakwangua kwa kisu changu cha kukatia mipira, nikaikwangua pia ncha ya kamba ya shaba, nikakaza. Nikaita mara moja tu.

"Nakusoma safi kabisa, gari la mabomba," Kituo kikajibu. "Umekuwa wapi siku nzima?"

Kaka yake alisimama akaja polepole. "Mbona sasa inajibu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ni hali ya hewa."

Wiki mbili baadaye ikaundwa kamati ya idara. Walitaka kujua kwa nini redio ilikufa siku nzima ikafufuka jioni. Nilisema ilikuwa inakataa na kukubali yenyewe. Nilikuwa na mke mjamzito na nilikuwa mwoga, na sababu zote mbili hazitoshi. Waliponimaliza, Fundi aliomba kuniuliza swali moja. Alikuwa amekwisha kuonyeshwa gari. Aliona kisu kilipopita na rangi mpya pembeni, asingeweza kutoiona.

"Dereva," akasema kwa upole. "Ulifanya nini mpaka ikakubali?"

"Nilisubiri tu, Fundi."

"Basi," akasema.

Waliandika kwamba ufungaji ulikuwa hafifu. Walimtoa kwenye redio wakampeleka ghalani kuhesabu koleo, na kabla ya mwaka kwisha akaacha kazi. Redio zikaanza kufungwa na mtu mwingine, aliyeweka antena mbele.

Nilisikia yuko Maganzo, ana kibaraza jirani na wanunuzi wa almasi, anatengeneza redio za mkononi za wachimbaji. Nilipita Maganzo mara nyingi mno nikiwa na gari, na kila nilipopita nilikuwa na haraka. Miaka ikaenda. Mke wangu alijifungua, mtoto akaanza shule, akamaliza. Nilistaafishwa mapema kwa sababu ya mgongo. Siku moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, nikapanda basi, nikashuka Maganzo mchana, nikamkuta.

Alikuwa amekonda. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa waya na mbele yake redio iliyofunguliwa tumbo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Dereva. Kaa." Akamwita mtu alete chai.

Nilimwambia yote bila kupumzika: mpaka rangi, kisu, kamati. Nilimwambia nitaandika barua idarani, nitaweka sahihi, jina lake lisafishwe. Nililia, sina haja ya kuficha. Aliendelea kushika kile kichuma cha kuchomelea mpaka kikapoa.

"Barua utampelekea nani?" akasema. "Wale watatu wa kamati, wawili tumewazika. Na zile redio wamezitupa."

"Hata hivyo nataka iandikwe."

"Ukiandika, andika na la kwangu."

Nikamuuliza lipi.

"Siku ya mgeni nilikuwa kando ya uwanja na watu wa idara, nimepewa bendera ndogo ya karatasi. Gari lako likapita. Nikalitazama nyuma, nikaona limepakwa mpaka pale. Nikajua papo hapo."

"Ukafanya nini?"

"Nikapunga bendera." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Siku tisa gari lile lilikaa uwanjani. Nilipita kando yake kila siku, spana mfukoni. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini nilisema, nimemkataza na amefanya. Aje mwenyewe aniambie. Nilikuwa nakusubiri, Dereva. Ulipoondoka na mabomba, nilikuwa bado nakusubiri."

Chai ikaletwa. Hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nimekuja kumpa jina lake, na yeye alikuwa ananionyesha kwa nini hawezi kulipokea.

"Yule mtu," akasema baadaye, "namwombea kila Ijumaa. Mbaya ni kwamba namwombea bila jina. Miaka yote hii najiambia, Dereva alishinda naye siku nzima, siku akija nitamuuliza. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia sikuuliza.